Njia ya Kurudi

Mjomba alinionyesha kiganja kabla hajaitikia shikamoo yangu. Mstari mwekundu ulikikatiza kutoka shina la kidole gumba hadi upande wa pili, malengelenge yamepasuka, juu yake amepaka asali. "Waya wa mafuta huo, mpwa wangu. Wenzangu wanapiga stata, mimi naingiza mkono chini ya usukani niuvute kidogo, kumbe unawaka moto." Kisha akasema, "Marahaba. Karibu nyumbani."

Waya wa mafuta ni ule unaotoka kwenye mkono anaoushika nahodha kwenda kwenye pampu ya dizeli. Ni uzi wa chuma unaoteleza ndani ya ala ya chuma, basi. Kazi yake ni kuvuta na kuachia. Umeme haupiti humo, wala hakuna aliyeuunganisha na umeme. Mimi, niliyeitwa kutoka Dar es Salaam kwa sababu ya umeme, nilikitazama kile kiganja, nikampa pole, nikaomba nionyeshwe betri. Jibu lote lilikuwa mkononi mwake nami nikalipita. Ilinichukua wiki tano kulirudia, na wiki hizo ziliwakosesha watu 19 giza zima.

Giza, kwa wavuvi wa dagaa wa bahari, si usiku tu. Ni zile siku za mwezi ambazo mbalamwezi haipo au inachelewa kutoka, ndipo taa ya chombo inapowakusanya dagaa juu ya maji na wavu ukapata kazi. Mwezi ukijaa, bahari yote ni nyeupe na taa hazimwiti samaki. Chombo kikikosa giza moja, baharia wamekosa riziki ya mwezi.

Ilikuwa Kilindoni, kisiwani Mafia, mwishoni mwa 2011, kaskazi ndiyo kwanza inashika. Mashua ilikuwa imepwelezwa ufukweni, imeegemea magogo, na miezi miwili nyuma ilikuwa imebadilishwa injini. Ile ya zamani, Yanmar ya silinda mbili, ilimtumikia mjomba miaka 17, hadi vipuri vyake vikawa vya kutafutwa kwa tochi. Akaenda Gerezani, Dar es Salaam, akanunua injini ya mtumba ya Mitsubishi Canter kutoka Japani. Kuifanya injini ya lori iikubali bahari kuna mambo mengi: pampu ya maji ya chumvi, kipoza maji, giaboksi ya chombo, bomba la moshi lenye koti la maji, kulinganisha shafti na rafadha. Mafundi mashine waliifanya kazi hiyo vizuri sana na sina la kuongeza. Injini ilikaa sawasawa, haitetemi, moshi wake mwepesi.

Tatizo lilikuwa kuiwasha. Siku za mwanzo iliwaka kwa uvivu, kila siku uvivu ukazidi. Wakanunua betri mpya mbili. Ikachangamka siku tatu, ikarudi kulekule. Mara mbili ilikataa kabisa wakiwa mbali kaskazini mwa kisiwa, wakatweka tanga na kurudi kwa upepo. Nilimshukuru Mungu kwamba mjomba ni mtu wa zamani, hakuutoa mlingoti alipotia injini kubwa.

Nilifika jioni, maji yakijaa. Nilikuwa na mita mpya ya kidijitali, na haraka. Nikapima betri: volti 25.4, kwa kuwa malori mengi ya Japani hutumia mfumo wa volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa. Nikaenda kwenye swichi kuu: 25.4. Nikaenda kwenye stata, pale waya mnene mwekundu unapofungwa: 25.4. Nikaukagua waya mweusi mnene, ule hasi tunaouita ethi: safi, kichwa chake cha shaba kimebanwa vizuri, nati imekaza. Nikautikisa. Hautikisiki. Nikasimama nikatoa hukumu mbele ya wazee: umeme unafika wote, stata ndiyo mgonjwa.

Sasa nieleze kosa langu, maana nimeliona kwa mafundi wengi tangu siku ile, wazuri tu, wenye vyeti. Kijiti chekundu cha mita nilikihamisha kila mahali. Kijiti cheusi nilikiacha palepale kwenye nguzo hasi ya betri tangu mwanzo hadi mwisho. Na nilipima injini imelala, hakuna aliyegeuza ufunguo. Kwa hiyo nilichokipima ni jambo moja tu: kwamba njia ya kwenda ipo. Umeme hauendi tu. Unatoka nguzo moja ya betri, unafanya kazi, unarudi nguzo ya pili, na usipopata pa kurudia hautoki kabisa. Hili hufundishwa siku ya kwanza chuoni. Mimi nililijua tangu nina miaka 18, na jioni ile halikunisaidia chochote.

Stata ikafunguliwa, ikapanda boti kwenda Nyamisati, ikapanda basi kwenda mjini. Fundi wa kusuka mota akabadilisha kaboni na bushi ambazo, aliniambia baadaye kwa uungwana, bado zilikuwa na maisha. Ikarudi. Ikafungwa. Ufunguo ukageuzwa, injini ikanung'unika nusu mzunguko, ikakaa kimya. Wakati huo mwezi ulikuwa umekwisha kuingia na kutoka. Baharia wawili wakahamia chombo kingine, na hakuna aliyeweza kuwalaumu. Mkaza mjomba aliniwekea chakula kila siku kama kawaida, wali na samaki wa kupaka, lakini aliacha kuniuliza kazi inaendeleaje. Kuulizwa kungekuwa rahisi zaidi kwangu.

Asubuhi ya bamvua, maji yalikupwa mbali sana na tukawa na saa nyingi za kufanya kazi chini ya chombo na ndani yake. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala. Nilikuwa nikimkumbuka mzee aliyenifundisha kazi, Temeke, katika karakana yenye paa la mabati yaliyotoboka. Ukutani kwake palining'inia taa ya breki ya lori, ya wati 21, imefungwa nyaya mbili ndefu. Alikuwa na mita, lakini hakuitoa mpaka taa imeshasema. Sisi vijana tuliona ni mambo ya kale.

Taa ile ina siri kubwa. Mita ya kidijitali karibu haili umeme hata kidogo. Ukiwa na waya wenye nyuzi 40 za shaba, 39 zimekatika na wa mwisho nao umeoza, unagusa kwa shida, mita itasoma volti zote kupitia uzi huo, nawe utaapa kwamba waya ni mzima. Iwashe taa kupitia waya huohuo, itawaka kama mshumaa ulioishiwa nta, au haitawaka kabisa. Baharini jambo hili si la nadra. Chumvi huingia penye kiungo, huzamia chini ya plastiki, na ukiuchuna waya unakuta shaba imekuwa nyeusi kwa ndani umbali wa shubiri nzima ilhali nje inang'aa. Ndiyo maana nyaya za vyombo hutengenezwa kwa shaba iliyopakwa bati. Kwetu hazipatikani kila duka, na zikipatikana bei yake huumiza.

Asubuhi ile basi nilimweka binamu yangu kwenye ufunguo, nikamwambia asigeuze mpaka nimwambie, na asizidishe sekunde tatu. Nikaanza upya, safari hii na umeme ulio kazini.

Kwanza betri zenyewe, stata ikipigwa: 24.1. Hapa nilipaswa kushtuka na nikashtuka. Stata ya injini ya ukubwa ule, ikifanya kazi kweli, hula zaidi ya ampea 200, na betri lazima ziinamishe kichwa. Hizi ziliteremka kidogo tu. Betri isiyochoka wakati stata inahangaika inakwambia kwamba umeme hautoki kwake kwa wingi, kuna mahali umezuiwa.

Kisha nikahamisha kijiti cheusi. Nikakigusisha kwenye mwili wa stata yenyewe, chekundu kikiwa kwenye nati yake. "Geuza." Volti 9.3. Stata ya volti 24 ilikuwa inalishwa 9.

Kisha nikaweka cheusi kwenye nguzo hasi ya betri na chekundu kwenye chuma kitupu cha injini, mahali ambapo mita ingepaswa kusoma karibu na sifuri, maana injini na hasi ya betri ni kitu kimoja, au tulidhani ni kitu kimoja. "Geuza." Mita ikaandika 14, na wakati huohuo binamu akapiga kelele, "Moshi! Kaka, moshi!"

Moshi ulitoka chini ya usukani. Mahali palepale alipoungulia mjomba.

Niliketi juu ya taruma, ndani ya ngama yenye harufu ya dizeli na samaki, nikaushika tena ule waya mnene mweusi. Safari hii sikuutikisa. Niliweka kidole kwenye nati yake nikaanza kupanda taratibu, kama mtoto anayefuata mstari wa kitabu. Nati imefungwa kwenye kitanda cha chuma, kile kilichopigiliwa kwenye mbao kubwa za kubebea injini. Juu ya kitanda, bamba. Juu ya bamba, kidole changu kikagusa kitu laini. Raba. Juu ya raba bamba jingine, ndipo mguu wa injini. Nikaenda pembe ya pili, ya tatu, ya nne. Raba nne, mpya, nzuri, zimenunuliwa kwa makusudi ili injini isitikise mbao.

Ile Yanmar ya zamani haikuwa na raba. Ilikaa chuma juu ya chuma, imefungwa moja kwa moja kwenye kitanda, na waya wa ethi ukafungwa kitandani miaka 17 bila neno. Injini mpya ikaja na raba zake. Waya haukuguswa na mtu. Ulikuwa palepale ulipokuwa siku zote, umekaza, safi, na hauendi popote.

Katika ubadilishaji wa injini, hofu yetu huwa kwenye vile vilivyobadilishwa: je, kipo, kimefungwa, kinalingana? Ila pale kilichotuangusha ni kile ambacho hakikubadilishwa. Kazi yake ilikuwa imeondoka, lakini umbo lake limebaki, na macho ya mafundi watatu, mimi wa tatu, yalipita juu yake yakaridhika. Tangu siku ile, chombo kikitolewa injini, nauliza kila kitu kilichobaki: ulikuwa ukitegemea nini kwenye ile iliyoondoka?

Umeme, ukinyimwa njia yake, ulitafuta nyingine. Ulitoka betri, ukapita stata, ukaingia mwili wa injini, ukapanda ala ya waya wa mafuta hadi kwenye mkono wa nahodha. Pale chini ya mkono, mtu wa miaka mingi iliyopita, alipokuwa akifunga geji, alikuta kipande cha chuma kinachofaa akafungia waya wake mweusi mwembamba, wa milimita za mraba 2.5, unaorudi betri. Waya wa kuwashia taa ndogo za geji. Mzigo wote wa stata ya lori ulikuwa ukirudi nyumbani kupitia uzi ule. Siku za kwanza uliweza, kwa shida. Kila ulipopata moto, kiungo chake kilizidi kuoza, na injini ikazidi uvivu. Betri mpya ziliusukuma siku tatu tu.

Hesabu yake si ngumu, na ningependa kila nahodha aijue. Upinzani wa ohmu 0.01, kitu kidogo kiasi kwamba mita ya kawaida haiwezi kukionyesha, ukipitishiwa ampea 200 hula volti 2, na hutoa joto la wati 400 mahali pamoja, karibu nusu ya pasi ya nguo. Rangi iliyobaki chini ya nati inaweza kufanya hivyo. Kutu nyembamba inaweza. Kwenye taa ya ampea 1, upinzani huohuo usingejulikana maisha yote.

Marekebisho yalichukua dakika 40. Nilikwangua rangi ya injini karibu na stata mpaka chuma kikang'aa, nikasugua kwa msasa, nikafunga pale ethi mnene kama kidole cha mwisho, moja kwa moja hadi betri, nikapaka vaselini juu. Ule waya mwembamba nikautoa kwenye chuma cha mkono wa mafuta, nikaupa njia yake mwenyewe. Kutoka mwili wa injini hadi hasi ya betri, stata ikipigwa, mita ikasoma 0.2. Betri ziliinama ipasavyo. Injini iliwaka kabla binamu hajahesabu moja. Mjomba alikuwa amesimama mchangani, kiganja chake kimekwisha kupona, kovu limebaki. Hakupiga makofi wala nini. Alisema, "Basi kesho tukapakie barafu."

Nimejiuliza sana kwa nini sisi tuliojifunzia kwenye magari tunaupuuza upande wa kurudi. Nadhani gari limetudekeza. Gari ni chuma kitupu. Ukikosea ethi hapa utaipata pale, bodi yote ni waya mmoja mkubwa wa kurudia. Mashua ni mbao. Mbao hazirudishi kitu. Fiberi nayo hairudishi. Kila taa, kila pampu, kila geji iliyomo chomboni inahitaji waya wake wa pili, nao ukusanywe mahali pamoja panapojulikana, si kutafutiwa kipande cha chuma kilicho karibu. Na chombo kina kitu ambacho gari halina: kimekaa ndani ya maji ya chumvi, ambayo yanapitisha umeme. Mwaka 1800 Alessandro Volta alipanga vipande vya zinki na shaba, katikati akiweka vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi, akapata betri ya kwanza. Mashua yenye rafadha ya shaba nyeupe, shafti ya chuma na misumari imekwisha kujipanga hivyo yenyewe. Ndiyo maana tunafunga vipande vya zinki chini, viliwe vyenyewe badala ya rafadha. Ukiongezea waya chanya uliochunika, umelala kwenye maji ya ngama, uharibifu wa miaka unakuja kwa wiki. Niliwahi kutoa msumari ubavuni mwa chombo cha jirani kwa kucha tu.

Ningependa kusema kwamba baada ya siku ile kila kitu kilitulia. Mwezi Machi mjomba akapiga simu. Betri moja kati ya zile mbili inanuka mayai yaliyooza, ni ya moto, na maji yake hukauka kila wiki. Ile ya pili haina shida ila ni nyonge.

Nililijua kosa kabla hajamaliza kusema, na niliona aibu kwa sababu niliwahi kuliona kwa macho. Taa za kuvutia dagaa ni za volti 12, mali ya tangu enzi za Yanmar. Injini mpya ina volti 24. Basi mtu alitoa waya katikati, akazifungia taa kwenye betri moja ya chini. Malori mengi mjini hufanya hivyo kwa ajili ya redio, nami nikaona ni kawaida. Redio inakula kidogo. Taa sita za wati 10 kila moja ni wati 60, yaani ampea 5, kwa saa 10 za usiku: ampea-saa 50, nusu nzima ya betri ya 100. Kila usiku betri ya chini inachotwa nusu, ya juu haiguswi. Asubuhi injini inawaka, oltaneta inaanza kuchaji. Oltaneta haizijui betri mbili. Inaona jumla, na jumla inayotaka ni volti 28 hivi. Nilipokwenda kupima nilikuta 12.4 kwa moja na 15.7 kwa nyingine. Ukijumlisha ni 28.1, na oltaneta imeridhika. Huku mmoja ana njaa, mwenzake analishwa kwa nguvu mpaka anachemka.

Na mambo haya mawili yana hatari tofauti kabisa. Ukosefu wa ethi uliwanyima kuwaka. Hili la pili lingeweza kuwaua, maana betri inayochemka hutoa haidrojeni, na hewa hiyo ndani ya chumba cha injini kilichofungwa inangoja cheche moja tu ya swichi. Nilimwambia mjomba asiwashe kitu mpaka amefungua mifuniko yote na upepo umepita, na avute ule waya wa katikati, taa zikae gizani mpaka nifike. Alitii. Ilikuwa usiku wa giza, siku ya kuvua, na akatii bila kuuliza swali la pili. Nilihisi uzito wa imani hiyo baada ya yale ya Desemba.

Tulizitenganisha kazi. Betri mbili za mfumo wa volti 24 zikabaki za injini peke yake. Taa, redio ya upepo na pampu ya kutoa maji ya ngama zikapata betri yao ya tatu, ya volti 12, yenye fyuzi yake jirani kabisa na nguzo chanya, na juu ya kibanda tukaweka paneli ya sola ya wati 150 na kidhibiti chake. Jua la Mafia kwa saa tano linarudisha kile kilicholiwa usiku. Kuna vifaa vya kushusha volti 24 kuwa 12 ambavyo navyo vingefaa, lakini nilipenda kwamba injini ikizimika kabisa baharini, taa na redio hazitaijali. Betri iliyochemka hatukuweza kuiokoa.

Yalikuwapo madogo mengine. Geji ya presha ya oili iliyosoma sifuri wakati oili ipo, kwa kuwa fundi aliizungushia sensa tepu nyeupe ya mabomba ili isivuje, na sensa ile hurudisha umeme wake kupitia meno yake yenyewe. Tepu ikatolewa, geji ikapona. Taa nyeupe ya juu ya mlingoti iliyokuwa ikififia kila pampu ikianza, kwa sababu walichangia waya mmoja mwembamba wa kurudi. Nikiyatazama yote leo, naona karibu kila ugonjwa wa mashua ile ulikuwa upande uleule ambao mita yangu ya jioni ya kwanza haikuugusa.

Kilichonichosha kuliko yote hakikuwa ugonjwa. Ilikuwa kutambua nyaya. Siku ya kuitoa Yanmar, mtu alishika plaizi akakata fungu zima kwa mkupuo mmoja. Akaacha mikia 14, yote imefifia na jua hadi rangi ya majivu. Kila mkia niliufuata kwa taa ya kupimia, mwisho hadi mwisho, chini ya mbao, juu ya taruma, siku mbili nzima. Kama angetoa nati moja moja na kubandika kipande cha tepu chenye neno moja, "pampu", "geji", "taa ya omo", ingekuwa kazi ya saa moja. Nawasihi wenzangu wa karakana: plaizi iwe ya mwisho kushikwa. Simu zenu zina kamera.

Kwa sababu hiyo nilichora. Sikuwa na daftari, nikachana mfuko wa saruji, upande wa ndani ulio safi, nikachora betri tatu, injini, kila waya na unakoanzia na unakorudi, nyekundu kwa kwenda, nyeusi kwa kurudi. Mjomba alikuwa akinishikia kalamu ya pili. Aliuliza kila mstari ni nini, akarudia majina kwa sauti. Tukaufunga ule mchoro ndani ya nailoni ya barafu, tukaupigilia kwa misumari ya shaba chini ya kibanda cha usukani, juu ya mahali palipotoka moshi.

Mjomba alikwisha kustaafu bahari. Nilikwenda Kilindoni mwaka juzi, binamu yangu ndiye nahodha sasa, na chombo kimebadilishwa injini tena, safari hii na fundi kijana wa palepale kisiwani ambaye sijawahi kukutana naye. Niliingiza mkono chini ya usukani. Nailoni ilikuwa mpya. Ndani yake mfuko wangu wa saruji umekunjika na kuwa laini kama kitambaa, na pembeni ya mistari yangu kuna maandishi ya mkono mwingine, ya kalamu ya bluu: "Oltaneta mpya, waya mwekundu umehamia upande wa kulia. Raba zimebadilishwa. Ethi iko kwenye bloku, nimepima ikiwa inapigwa stata, 0.15."